Uvuvi wa Nzi Bandia Sandoa: Anza na Mwanzi, Waya wa Shaba na Kijito Kilicho Karibu

Trauti ndiye samaki aliyeufanya uvuvi wa nzi bandia ujulikane duniani, na ndiye ambaye hutamkuta Sandoa, jimboni Lualaba. Anataka maji ya baridi yanayokwenda kasi, ya nyuzi joto 10 hadi 18 hivi. Yakipita 20 anadhoofika na kuacha kula. Yakikaribia 25 anakufa. Mto Lulua na vijito vyake hupoa kidogo Juni na Julai, lakini Oktoba, jua linapowaka kabla ya mvua kushika, hakuna trauti atakayestahimili humo. Basi kama umeona kwenye simu watu wa Uskoti au Marekani wakivua trauti ukatamani, shika tamaa hiyo vizuri. Samaki wako ndiye atakayekuwa mwingine.

Ufundi wenyewe hauchagui samaki. Unataka maji yanayotembea na samaki wanaokula wadudu, na Sandoa havikosekani. Lulua inapita hapo ikiteremka kaskazini kuelekea Kananga, hadi ikaingie Kasaï, na kila bonde dogo lina kijito chake kinachotoka kwenye mushitu, msitu wa kando ya maji, kikiwa safi. Katika maji ya bonde hili wamo jamaa wa tilapia, wamo makobo wenye vinywa vipana wanaowinda samaki wadogo, wamo kuyu wenye magamba makubwa na sharubu fupi wanaokaa penye maji ya mbio, na wamo visamaki vyeupe vinavyoruka jioni kudaka wadudu. Hao wote watamfuata nzi wako. Tena kuyu akinaswa kwenye maji ya mbio anavuta kwa nguvu ambayo hata mvuvi wa trauti angeiheshimu.

Kwanza elewa jambo moja, maana mengine yote yanatoka hapo. Katika uvuvi wa ndoano uliouzoea, unafunga chubwi, unalitupa, na uzi unalifuata. Nzi bandia ni ndoano ndogo iliyovikwa manyoya na nyuzi. Haina uzito wa kutupika. Kwa hiyo hapa kinachotupwa ni uzi wenyewe. Uzi ni mnene karibu na fimbo na unakwenda ukipungua hadi ncha, nao ndio unaombeba nzi na kumtua juu ya maji pasipo kishindo. Ukishalielewa hilo, hutashangaa kwa nini fimbo ni ndefu na laini, na kwa nini mkono hautumii nguvu.

Watu walikuwa wakivua hivi zamani sana, kabla ya viwanda vya vifaa vya uvuvi. Mwandishi wa Kirumi Claudius Aelianus, karibu mwaka 200, aliwaeleza Wamakedonia waliofunga sufu nyekundu kwenye ndoano, wakaongeza manyoya mawili ya jogoo, wakawadanganya samaki wa mto wao. Nalitaja kwa sababu vijana wengi wanakata tamaa wakisikia bei ya fimbo za kisasa, ambazo zinahesabiwa kwa dola na hazipatikani karibu. Usingoje kuzipata. Wajapani wana namna yao ya kuvua vijito vya milimani iitwayo tenkara: fimbo ndefu, uzi uliofungwa moja kwa moja kwenye ncha, na nzi mmoja. Hakuna gurudumu la kukunjia uzi. Kwa kijito cha upana wa hatua tano au kumi, namna hiyo inatosha kabisa, na kwa mtu anayeanza Sandoa naiona bora kuliko ile ya gharama.

Fimbo, basi. Tafuta mwanzi mwembamba ulionyooka, wa meta 3 na nusu hivi, mnene wa kidole gumba kwenye shina na mwembamba wa kijiti cha kiberiti kwenye ncha. Ukate kiangazi, mwanzi ukiwa mkavu zaidi, uuache kivulini wiki kadhaa. Ukaushe umening'inia, shina juu na jiwe dogo limefungwa kwenye ncha, ili usipinde. Pale unapobaki na kona, pasha moto juu ya makaa bila kuunguza, unyooshe kwa goti, ushikilie mpaka upoe. Zungushia ncha uzi wa fundi cherehani kwa urefu wa kidole, uache kitanzi kidogo cha kamba ya katani au ya nailoni, upake gundi. Kuupima, shika shina utikise mara moja: mwanzi mzuri unapinda hadi katikati na kutulia upesi. Ukiendelea kuyumbayumba ni mlegevu mno, na utakutesa siku ya upepo.

Uzi utausokota mwenyewe. Nunua nailoni ya unene wa milimita 0.25, ile inayouzwa sokoni kwa wavuvi wa nyavu na ndoano. Kata nyuzi sita za meta moja na robo, zifunge pamoja upande mmoja kwenye msumari, uzisokote kwa kuzungusha kijiti upande wa pili mpaka zikaze, kisha zikunje kidogo zijipinde zenyewe kuwa kamba moja. Hicho ni kipande cha kwanza. Fanya cha pili kwa nyuzi nne na cha tatu kwa nyuzi mbili. Viunge kwa vitanzi, kinene kikikaa upande wa fimbo. Mwishoni ongeza meta moja ya nailoni moja tu, ya milimita 0.18 kama unaipata, isiyozidi 0.20. Uzi wote uwe sawa na fimbo au uipite kwa urefu wa mkono, si zaidi. Paka sehemu iliyosokotwa nta ya nyuki ili isinyonye maji.

Sasa nzi. Hapa watu wa Lualaba tuna kitu ambacho wavuvi wa Ulaya wanakiagiza kwa kifurushi: waya mwembamba wa shaba. Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon kule Wiltshire, Uingereza, ndiye aliyetengeneza mmoja wa nzi mashuhuri zaidi wa chini ya maji, na hakutumia uzi hata kidogo. Alitumia waya wa shaba na manyoya ya mkia wa ndege tu. Waya unafanya kazi mbili: unafunga manyoya, na unampa nzi uzito wa kuzama. Waya huo uko kwa fundi yeyote anayefunga upya mota zilizoungua. Chukua ule mwembamba kabisa, wa unene wa unywele, anaoutupa baada ya kuvunja mota za feni. Waya wa nguzo za umeme za SNEL usiuguse wala usiununue. Ni mnene mno kwa kazi hii, na ni wizi unaowaacha wagonjwa gizani.

Twende polepole kwenye huyu mmoja, maana ukimweza yeye utawaweza wengine. Chukua ndoano ndogo, namba 12 au 14. Ibane kwa koleo la fundi, mikono ya koleo ukiifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili isiachie. Bana kijino cha ndoano mpaka kilale. Anza kuzungusha waya nyuma ya tundu la ndoano, ushuke nao hadi pale chuma kinapoanza kupinda, urudi. Nyuma ya tundu ongeza mizunguko kadhaa hadi kifanyike kifua kinene kidogo. Shusha waya tena mpaka nyuma. Sasa chomoa nyuzinyuzi nne kutoka unyoya wa mkia wa kuku wa kahawia, au wa kanga, bila kuzitenganisha. Zifunge kwa mizunguko miwili ya waya ili ncha zake zitokeze nyuma milimita nne, ndizo mkia. Halafu sokota nyuzinyuzi zilizobaki pamoja na waya, uzungushe vyote kwenda mbele mpaka kwenye tundu. Utaona mwili mwembamba wa kahawia wenye mng'ao wa shaba ukichungulia. Ukifika mbele tenganisha: waya upite, manyoya uyarudishe nyuma ya kifua, uyafunge, uyalete mbele tena, uyafunge. Zungusha waya mara tatu, ukate. Miguu haihitajiki. Sawyer aliiacha kwa sababu alikuwa ameona kwamba mdudu huyu anapoogelea anaikunja mwilini.

Huyo anafanana na watoto wa wadudu walioko chini ya mawe. Ukitaka kuhakikisha, ingia penye maji ya mbio ya kifundoni, geuza jiwe, ulitazame upande wa chini: utaona vitu vidogo vya kahawia vinakimbilia kivuli, vina mikia miwili au mitatu. Tengeneza nzi wa ukubwa huo na rangi hiyo. Jiwe litakufundisha zaidi ya picha yoyote.

Wawili wengine wanatosha kuanzia. Mmoja ni kumbikumbi. Mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakatoka, wengi wanaanguka mtoni na samaki wanapanda juu kuwala bila woga. Siku hizo mbili tatu ni za thamani kuliko mwezi mzima wa Agosti. Kata kipande chembamba cha mpira mwepesi wa kandambili iliyochakaa, kifunge kwa uzi wa kahawia juu ya ndoano namba 10, ulaze manyoya mawili meupe ya shingo ya kuku mgongoni yakielekea nyuma kuwa mabawa. Ataelea. Wa pili ni wa makobo: ndoano kubwa kidogo, na kishungi cha nywele nyeupe za mkia wa mbuzi, za urefu wa kidole kidogo. Huyu unamvuta kwa vipindi, kama kisamaki kilichojeruhiwa.

Kutupa jifunzie uwanjani, si mtoni. Funga kipande cha sufu badala ya ndoano, usimame kwenye majani mafupi. Shika fimbo, kidole cha shahada kikiwa juu yake. Iinue mpaka ipite kidogo sikio lako, usimame hapo. Kusimama huku ndiko watu wengi wanakokuruka. Uzi unahitaji muda wa kunyooka nyuma yako; ukiharakisha, unachapa hewani na nzi anakatika. Ukiusikia umenyooka, peleka fimbo mbele, usimame tena ikielekea mahali unapotaka, juu kidogo ya usawa wa macho. Uzi utajifungua, na nzi atatua mwisho. Kifundo cha mkono kikaze. Kazi ifanywe na kiwiko. Tupa fupi. Mtu anayetupa meta nne kwa usahihi atapata samaki wengi kuliko anayetupa kumi akatua kwenye mti.

Na miti itakusumbua. Vijito vyetu vinafunikwa na mushitu. Mara nyingi nyuma yako hakuna nafasi ya uzi kupita. Hapo usiupeleke nyuma. Uache ulale juu ya maji mbele yako, inua fimbo polepole mpaka uzi ufanye tumbo kando ya bega, kisha shusha fimbo mbele kwa nguvu moja fupi. Uzi utajiviringisha juu ya maji na kunyooka. Ukiwa chini ya matawi kabisa, mshike nzi kwa vidole viwili nyuma ya pindo la ndoano, uvute fimbo ipinde, uachie. Ni jambo la kufanya kwa uangalifu, lakini linafika mahali ambapo hakuna mwingine aliyevua.

Kabla ya kuingia majini, tazama. Samaki wa kijito hukaa kichwa kikielekea mkondo unakotoka, maana chakula kinakuja kutoka huko. Basi wewe njoo kutoka nyuma yake, ukipanda mto, ukipiga magoti pale ukingo ulipo wazi. Kiangazi maji ni meupe na machache, na samaki anakuona kabla hujamwona. Vaa nguo za rangi ya majani makavu, usikanyage kwa kishindo, kivuli chako kisitangulie. Mahali pa kutupa ni pale maji ya kasi yanapokutana na yaliyotulia, kwa sababu samaki anakaa penye utulivu na kudaka kinachopita kwenye kasi. Nyuma ya jiwe kubwa, chini ya mizizi, ukingoni palipochimbwa na maji, kwenye kina kinachofuata maporomoko madogo. Akina mama wanaovua kwa vikapu kiangazi wanayajua mashimo hayo yote. Wasalimie, kaa nao, uulize kwa heshima. Usipite ukadhani wewe mwenye fimbo ndiwe mvuvi.

Nzi wa shaba mtupe juu ya mahali hapo, umwache ateremke kwa mwendo wa maji. Asivutwe na uzi. Inua ncha ili uzi mwingi uwe nje ya maji, tazama pale unapoingia: ukisita, ukikengeuka, au ukinyooka ghafla, inua fimbo. Hutasikia kitu mkononi mpaka utakapokuwa umechelewa. Fundo la kumfungia nzi ni rahisi: pitisha nailoni kwenye tundu, izungushe mara tano juu yake yenyewe, rudisha ncha kwenye kitanzi kilicho karibu na tundu, lowesha kwa mate, ukaze polepole. Nailoni kavu inaungua inapokazwa, fundo linakatika.

Kwenye Lulua penyewe, penye kina, fimbo hii ya mwanzi si ya mbenga, yule samaki mwindaji. Meno yake yanakata nailoni mara moja. Anataka waya wa chuma mbele ya nzi, fimbo nzito ya dukani na gurudumu lenye uzi mrefu wa akiba. Mwache mpaka utakapokuwa umezoea. Na popote penye kina uliza kwanza wenyeji kuhusu mamba na viboko, usiende peke yako, usisimame majini jua likizama. Vaa mikono mirefu kwenye maporomoko, maana nzi weusi wadogo wanaouma wanaozaliana huko ndio wanaoeneza ugonjwa wa upofu wa mtoni. Maji yaliyotulia karibu na vijiji yanaweza kuwa na kichocho. Ukiweza, vua ukiwa nchi kavu.

Ukifika kijiji ambacho si chako, nenda kwa chifu kabla ya kwenda mtoni. Mweleze unavua nini na kwa nini fimbo yako haina funza. Maeneo mengine ni ya kuzalia samaki au yana mila zake, na ukiambiwa usivue, usivue. Kuhusu kibali, pita ofisi ya mazingira ya teritwari.

Hapa sina budi kusema na wasomaji wa Kolwezi. Najua Sandoa ni mbali kwenu, kupitia Mutshatsha na Kasaji, na mvua zikishika barabara inachosha magari. Najua mito ya Luilu na Musonoi iko mlangoni. Msivue humo kwa ajili ya kula. Wanasayansi wamepima tope la mito hiyo wakakuta metali nyingi zinazotokana na migodi na viwanda vya shaba na kobalti, na samaki anaishi humo humo. Kutupa uzi jifunzeni uwanjani, mkavue mbali na migodi, upande wa juu ambako maji hayajapita kwenye machimbo. Na kwa ndugu zangu wa Sandoa, ambako maji bado ni safi: buba, yale majani ya sumu tunayotwanga na kumwaga kijitoni, inaua kila kinachopumua majini, pamoja na wale wadudu wa chini ya mawe. Chandarua cha mbu nacho kinakokota hata vifaranga vya samaki. Kijito kilichofanyiwa hivyo mwaka hadi mwaka hakina kazi na nzi wako, wala na kikapu cha mama.

Samaki unayetaka kula, muue upesi kwa pigo moja juu ya kichwa. Unayemrudisha, lowesha mikono kwanza, asitolewe majini kwa muda mrefu kuliko wewe unavyoweza kuzuia pumzi, na kwa kuwa ulikibana kijino, ndoano itatoka kwa kuigeuza tu. Mwelekeze kichwa kwenye mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Makobo jike anayechunga mayai au vifaranga mdomoni mrudishe daima.

Na trauti? Usisikilize mtu atakayekwambia walete vifaranga tuwamwage Lulua. Joto litawaua, na wakipona mahali fulani watawala samaki wetu. Ukitaka kuwavua, nenda waliko. Kwa wasemaji wa Kiswahili, mahali pamoja waliko ni Kenya, kwenye Aberdare na mlima Kenya. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, wakawekwa mto Gura; baadaye wakaja trauti wa upinde wa mvua. Leo wako Thego, Sagana, Ragati, Thiba na Naro Moru, juu huko kwenye baridi, na Kiganjo, karibu na Nyeri, kuna kituo cha serikali cha kuzalisha vifaranga. Mito mingi inapita ndani ya misitu na hifadhi zinazolindwa, hivyo unahitaji kulipa kiingilio na kupata leseni ya uvuvi. Uliza kabla hujapanda gari. Beba nguo za baridi kali, maana asubuhi za huko si za Sandoa, na jihadhari na tembo na nyati kwenye vichaka vya ukingoni. Fimbo yako ya mwanzi na nzi wa shaba vinafaa huko bila kubadilishwa chochote, isipokuwa ndoano ndogo zaidi, namba 16, maji yakiwa machache. Ukirudi nyumbani, osha viatu na uzi, uvianike juani vikauke kabisa kabla ya kuvitia tena kwenye kijito chako, usije ukahamisha ugonjwa wa samaki kutoka mto mmoja hadi mwingine.